Kioo Kipi, Presha Ipi

Mtu akiingia dukani kwetu akasema anataka kioo, hapewi kioo. Anaulizwa kwanza.

"Kioo kipi? Cha kuonea wengine au cha kujionea mwenyewe?"

Swali hilo ni la kaka yangu, na amewauliza watu wa kila aina: wajenzi, walimu, madereva waliovunjiwa madirisha, hata askari mmoja aliyedhani anatukanwa. Lugha yetu imeviweka vitu viwili ndani ya neno moja, na kwenye biashara ya vioo neno hilo linaweza kukufilisi. Mteja anasema kioo akimaanisha cha dirisha, wewe unamkatia cha kujitazamia, na kioo kikishakatwa hakishonwi. Siku hizi kuna na wa tatu, anayetaka kioo cha simu. Huyo tunamwonyesha duka la jirani.

Kaka anasema hasara nyingi alizoziona maishani zilianza na mtu aliyeona haya kuuliza "kipi". Anasema hivyo huku ameshika kiuno, kama mwalimu mkuu. Ndiyo maana yaliyompata bado nayaona kama mzaha wa mtu fulani.

Watu wanamwita Milimita. Si kwa wembamba, maana tumbo analo, tena la heshima. Wanamwita hivyo kwa sababu kioo alichokikata kinaingia kwenye fremu bila kupigwa patasi, bila kutiwa kipande cha karatasi pembeni. Mimi ninaitwa Bei ya Mwisho, jina nililopewa na watu walioshindwa kunipunguza. Yeye anakata, mimi nauza. Tulianza na vipande vilivyotupwa nyuma ya karakana ya madirisha. Yeye alivisugua kingo vikawa vioo vya mkononi, mimi nikavitembeza mlango kwa mlango. Sasa tuna chumba chenye mlango wa chuma, meza ya kukatia ndefu kama kitanda cha watu wawili, na ukuta mzima wa vioo vya kujitazamia. Biashara yote imekalia mkono wake na macho yake. Mkono ukitetemeka tunapata hasara. Macho yakikosea tunafunga.

Na macho yalianza kukosea, ila hakuna aliyejua kuwa ni macho.

Kwanza aligombana na taa. Tulikuwa tumefunga taa mpya ya tyubu juu ya meza, akawa anaitazama kwa jicho la shari.

"Hii taa inamwaga," alisema.

"Inamwaga nini?"

"Mwanga. Haukai mahali pake. Unatapakaa."

Niliitazama. Ilikuwa taa. Tukaibadilisha, na mpya nayo ikamwaga. Akabadilisha mwenyewe mara nyingine bila kuniambia, halafu akamlaumu muuza taa kwamba siku hizi anauza takataka.

Kisha akaanza kugongana na kona ya meza, meza aliyoiunda mwenyewe na aliyoizunguka miaka yote bila kuitazama. Kila akijigonga anauliza nani ameisogeza. Hakuna aliyeisogeza. Ile meza haisogezwi na watu chini ya wanne.

Asubuhi moja wifi yangu, mke wake, aliingia dukani na uso uliofungwa kama duka siku ya msiba.

"Wifi," alisema, "kaka yako ana mwanamke."

"Umejuaje?"

"Jana nimepishana naye pale kwenye duka la dawa. Bega kwa bega. Nimemwita kwa jina lake la nyumbani. Amenipita kama nguzo ya umeme."

"Labda hakukuona."

"Mimi?" Alijitazama kwenye vioo vyetu, mbele na ubavuni. "Mimi huyu, kwa mwili huu, mtu asinione?"

Wifi yangu si mtu wa kupitwa kwa bahati mbaya. Mimi nami nilikuwa na shaka yangu, ila haikuwa ya mwanamke. Nilidhani ameanza kunywa. Nikawa namsogezea chai karibu na uso ili ninuse pumzi yake, na kila siku ilinuka chai.

Kilichotutoa gizani kilikuwa kichekesho. Jua la mchana lilikuwa linaingia mlangoni, na ndani, mkabala na mlango, kilisimama kioo kikubwa ambacho mteja alikuwa hajakichukua. Kaka alitoka nyuma kufuata rula, akasimama mbele ya kile kioo, akafuta mikono kwenye aproni.

"Karibu mteja," alisema. "Kioo kipi?"

Mteja hakujibu. Kaka akasubiri kwa adabu. Akauliza tena.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Yeye naye akacheka, halafu akaacha kucheka kabla yangu.

"Nimemwona mtu amesimama na mwanga nyuma yake," alisema. "Sura hana. Hata wewe ungemkaribisha."

"Mimi ningemtambua kwa tumbo."

"Sitanii, mdogo wangu. Sura alikuwa hana."

Wiki hiyo alikwenda kliniki ya macho, mke wake akimshika mkono, si kwa mapenzi bali ili ahakikishe wanakwenda kliniki kweli. Walirudi na kichupa cha matone na neno moja.

"Wamesema nina presha ya macho," alisema kaka.

Sasa, kwenye nyumba yao neno presha lilikuwa na mwenyewe. Wifi ana presha tangu alipozaa mtoto wa mwisho. Ana vidonge vyake, ana siku zake za kupimwa zahanati, ana vyakula vyake na ana hasira zake zinazosingiziwa presha. Mumewe alipopewa neno hilo hilo, wifi alimpokea kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye chama.

"Usijali, baba watoto. Mimi hii naijua. Ni chumvi na mawazo tu."

Chumvi ikatoka mezani. Asubuhi wakawa wanatembea, wifi mbele, kaka nyuma akijigonga na watu. Akikasirika anaambiwa, "Presha itapanda." Akinyamaza anaambiwa, "Usiweke mawazo." Mchana anakuja dukani ananiomba nimfichie chumvi kidogo kwenye droo ya misumari.

Daktari alisema nini hasa siku ile, sikuweza kujua. Nilimuuliza kaka, akasema walimtia dawa ya kupanua mboni, kila kitu kikawa cheupe kama amefunikwa shuka, na mtu aliyefunikwa shuka hasikii vizuri. Nilimuuliza wifi, akasema daktari alieleza mengi lakini yeye alishaelewa alipofika kwenye neno presha. Kulikuwa na neno lingine pia, glakoma. Wifi alidhani hilo ndilo jina la matone.

Kwa hiyo kaka akawa anaweka matone kila jioni, na mimi nikaanza kupambana na mwanga. Hilo niliona ni la kwangu. Duka la vioo ni mahali pabaya kwa mtu ambaye mwanga unamwagikia. Kila ukigeuka kuna kitu kinakutia kiwi: jua linaingia mlangoni, linapiga kioo cha kwanza, kinalirusha kwa cha pili, cha pili kinamrushia fundi usoni. Zamani tuliona hilo ni uzuri wa duka. Wateja walikuwa wanaingia wakifurahi.

Nikageuza vioo vyote vikatazama ukuta. Duka likawa la migongo ya kijivu, na mteja mmoja akauliza kama tumefiwa. Nikatandika kitambaa cheusi juu ya meza, hicho kikasaidia sana, maana ukingo wa kioo ulionekana juu ya weusi. Nikaihamisha taa kutoka mbele ya uso wake ikawa nyuma yake, juu ya bega. Hiyo nayo ikasaidia. Nikamnunulia miwani ya jua nyeusi kabisa. Akaivaa ndani, akakanyaga ndoo ya vipande, akaivua. Tukapata nyingine ya rangi ya kahawia hafifu, na kofia yenye ukingo mpana. Mwenye kuuza miwani alitaka bei ya kijinga. Hakuipata.

Kilichonichanganya ni kuingia kwake. Akitoka juani kuja ndani alikuwa anasimama palepale mlangoni, amefumba macho nusu, akisubiri chumba kijitokeze. Anasimama hivyo kwa muda mrefu, mtu mzima mwenye tumbo katikati ya mlango, na wateja nyuma yake wakidhani kuna kiingilio.

"Unaona nini sasa hivi?" nilimuuliza siku moja.

"Naona duka."

"Lote?"

"Nitajuaje kama ni lote?"

Nilidhani mtu asiyeona sehemu fulani anaona weusi pale. Yeye alisema hakuna weusi wowote. Kitu hakipo tu, na mahali pake pameunganishwa vizuri, kama ukuta uliozibwa mlango na kupakwa rangi. Halafu ghafla kitu kinakuwepo, kimeshamgonga goti.

Ndipo ikaja kazi ya saluni. Mwenye saluni alikuwa amekodi chumba kizima kipya na alitaka kuta mbili za vioo vinavyotazamana, ili mwanamke akikaa kwenye kiti aone kichwa chake mbele na nyuma. Tulivutana bei mpaka wote wawili tukakauka midomo, tukaelewana. Kaka alipima, akaanza kukata. Vioo vya kwanza vilitoka sawasawa kama zamani, nikapumua.

Siku hizohizo wifi alikwenda zahanati kupima presha yake, na kaka akamsindikiza. Nesi alipomaliza na wifi, alimwona kaka amekaa tu, akamwambia, "Na wewe mzee leta mkono." Akamfunga ule mkanda, akaujaza upepo, akausikiliza.

"Presha yako iko vizuri," alisema. "Kama ya kijana."

Kaka alikuja dukani siku ile amevaa kofia upande.

"Nimepona presha," aliniambia.

"Na macho?"

"Macho yatafuata. Presha ndiyo ilikuwa chanzo, si imeshuka?"

Kwangu ilieleweka, kwa namna ya kutoeleweka. Kama presha imeondoka, mbona jana amekosa kikombe alichokuwa ametoka kukiweka? Mbona ameanza kunyoosha mkono mbele anapovuka barabara? Nilifikiri labda macho yana deni la siku za nyuma, yanalipa taratibu. Chumvi ikarudi mezani, wifi akasema mumewe anapendeza. Kuhusu matone hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuyauliza, kwa sababu sikujua kama yalikuwa na uhusiano na mkanda wa mkononi au hayana.

Tulikwenda kufunga vioo saluni asubuhi. Ukuta mmoja ulikwisha. Kioo cha mwisho cha ukuta wa pili kilikuwa kimeegeshwa chini karibu na mlango wa chumba cha kuoshea nywele, kimesimama wima, kinangoja. Mwenye saluni, kwa kutaka tuone uzuri wa kazi, akawasha taa zake zote. Alikuwa ameweka taa kila mahali, nyeupe, kali, na kila taa ikazaa nyingine kwenye kioo, na hizo zikazaa nyingine. Hata mimi nilikunja uso.

Kaka alikuwa anakwenda chumba cha kuoshea kufuata maji. Aliona mlango, na kwenye mlango mtu anakuja upande wake. Alifanya anachofanya mtu mstaarabu: akajisogeza kulia ampishe. Yule mtu naye akasogea upande huohuo. Kaka akacheka kidogo, akasogea kushoto. Yule naye akasogea.

"Pita wewe, ndugu," alisema kaka.

"Fundi," alisema mwenye saluni taratibu, "huyo ni wewe."

Lakini kaka alikuwa ameshaamua kupita. Paji la uso liligonga kioo, kioo kikateleza, kikaanguka ubavu. Sauti yake sitaieleza. Aliyewahi kuisikia anaijua. Yeye hakuumia, alichubuka tu juu ya nyusi. Alibaki amesimama, mikono ameiacha hewani, akitazama mahali pale palipokuwa na mlango na mtu, na sasa pana ukuta wa kawaida.

"Amekwenda wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Mwenye saluni alinivuta pembeni.

"Bei ya Mwisho, mimi nakuheshimu. Lakini yule mtu haoni."

"Anaona. Taa zako ni nyingi mno."

"Haoni. Nataka kioo changu kabla sijafungua, na nafungua Jumamosi. Akikate yeye, akikate mwingine, hilo mtajua wenyewe."

Njiani kurudi sikumbembeleza kaka, maana sisi hatujazoeana hivyo. Nilimwambia kesho tunakwenda kliniki ya macho, mimi na yeye na mke wake, na kwamba kama macho hayafai tena kukata nitatafuta mkataji.

"Kwenye meza yangu?"

"Kwenye meza yetu."

Akatembea hatua kadhaa. Kisha akasema, "Mbona presha ilikuwa vizuri?" Alisema kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimwekea kaka kidevu kwenye kile kifaa chao, akamulika, akapima, akaandika. Akapima tena.

"Matone unaweka, baba?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

"Presha iliisha. Nesi wa zahanati alinipima mwenyewe."

"Alikupima wapi?"

Kaka, bila kusita, alinyoosha mkono, akajigusa juu ya kiwiko.

Daktari alitazama ule mkono. Wifi akautazama. Mimi nikautazama. Kwa muda hakuna aliyejua la kufanya na mkono huo, hata mwenyewe, akabaki ameunyoosha.

"Baba," alisema daktari, "hiyo ni presha ya damu. Yako ni ya ndani ya jicho. Ni vitu viwili. Mkono hauwezi kuijua."

"Lakini zote si presha?" aliuliza wifi.

"Jina moja, mama. Vitu viwili."

Niligeuka nikamtazama kaka, na kaka alikuwa ameshafika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatiwa kioo kisicho chake.

"Sikuuliza ipi," alisema polepole. "Miaka yote nawauliza watu kipi. Na siku ile sikuuliza ipi."

Daktari hakuelewa anachozungumza, na sisi hatukumweleza. Alimkalisha kaka, akamfunika jicho moja, akaniambia nisimame ubavuni mwake na nilete mkono taratibu kutoka nyuma ya sikio kwenda mbele. Kaka aseme akiuona. Nikauleta. Ukapita sikio, ukapita mahali ambapo mtu yeyote angekuwa ameshaupiga kofi. Ukakaribia pua.

"Sasa," alisema kaka.

Sasa ndipo wifi alielewa kwa nini alipitwa kama nguzo pale kwenye duka la dawa, na nadhani alikuwa hajui afurahi au afanye nini.

Mimi najua kupatana bei, basi nikajaribu. Nilimuuliza daktari, tukiweka matone bila kuruka hata siku moja, tukaongeza na dawa nyingine, tukafanya hata upasuaji, kile kilichopotea kitarudi kiasi gani?

"Hakirudi."

"Hata nusu?"

"Hata kidogo. Kilichobaki ndicho tunachokilinda. Akiacha tena matone, nacho kitakwenda."

"Robo?"

"Mama, hapa hakuna punguzo."

Nimekutana na wauzaji wengi wagumu. Huyu nilimwamini, kwa sababu hakuwa na chochote cha kupata kwa kukaza.

Akatueleza na mengine, safari hii sote tukisikiliza. Kwamba glakoma ni jina la ugonjwa wenyewe, si la matone, na kwamba kutiwa kiwi ni sehemu yake na matone hayataondoa kiwi chote. Kofia na miwani ya kahawia tuendelee nazo. Kusubiri mlangoni si ujinga, ni macho yanajipanga. Na kwamba asigeuze macho tu, ageuze kichwa kizima, kulia na kushoto, kabla ya kila hatua mahali asipopazoea. Akamwonyesha jinsi ya kuweka tone na kubana kona ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni. Kaka alimuuliza tone hilo ni la presha ipi. Daktari alitabasamu akamjibu.

Nyumbani, wifi alitoa hukumu kabla hajavua viatu.

"Basi kazi ya vioo imekwisha. Utakaa hapa. Tutafuga kuku."

"Kuku hawana milimita," alisema kaka.

"Wifi, mwambie."

"Mimi nina kioo cha saluni," nilisema. "Jumamosi haingoji. Akikikata sawa, anabaki kwenye meza. Asipokikata sawa, nawaletea kuku mimi mwenyewe."

Wifi aliniambia sina moyo. Kaka alisema huo ndio moyo wenyewe, na akauliza kama hao kuku watakuwa wa mayai au wa nyama, maana sasa ameanza kuuliza ipi kwenye kila kitu.

Kesho yake tulikuwa watatu dukani. Wifi alikuja na vidonge vyake na kiti chake, akaketi kama hakimu. Nilimsaidia kaka kukilaza kioo kizima juu ya kitambaa cheusi. Na hapo ndipo tatizo lilipoonekana wazi, maana kioo cha kujitazamia kinakatwa uso ukiwa juu. Akiinama anaona taa, anaona dari, anaona uso wake mwenyewe unamtazama, na mstari alioupima unapotelea humo. Kitambaa cheusi chini yake hakisaidii kitu, kioo hiki hakipitishi mwanga. Alihamisha kichwa huku na huku. Akavua miwani, akaivaa. Akanyoosha kidole akakigusa kioo kama anayehakikisha kwamba kipo.

"Nimeuona mstari," alisema. Kisha, "Sijauona."

"Acha, baba watoto," alisema wifi.

Kaka aliweka rula pembeni. Halafu akaenda kwenye beseni tunaloloweka matambara, akachovya kitambaa kwenye sabuni nzito, akarudi akaanza kupaka. Alipaka kioo chote, kona hadi kona, mpaka kikawa cheupe kisichong'aa, hakionyeshi taa wala dari wala tumbo.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nakipofusha kabla hakijanipofusha."

Akangoja sabuni ikauke. Akaweka alama zake upya kwa penseli nyeusi ya nta, akalaza rula, na kwa ncha ya kidole kilichofungwa kitambaa akafuta uchochoro mwembamba kando ya rula, mwembamba kiasi cha gurudumu la kisu cha kukatia kioo kupita. Uchochoro huo tu ndio uliong'aa kwenye weupe wote. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, kama alivyofundishwa, akatia mafuta kidogo, akavuta kisu kutoka mwisho wa meza hadi tumboni kwake, mara moja, bila kusimama. Ulisikika ule mkwaruzo wa kitu kinachochanika taratibu. Wifi alifumba macho, yeye mwenye macho mazima.

Kaka alikisogeza kioo kwenye ukingo wa meza, akashika, akabonyeza. Tak. Kikaachana.

Nilichukua utepe nikapima mwenyewe, kila upande. Nilikunja utepe nikaurudisha mfukoni, na yeye alisikia sauti ya utepe ukijikunja, ikamtosha.

"Kuku wamepona," alisema.

Tulipatana masharti palepale, mbele ya hakimu. Meza ni yake. Kubeba kioo barabarani si kwake tena, wala ngazi, wala nyumba za watu zenye taa za kujionyesha. Kufunga tunakodi mtu. Kingo za vioo vilivyosimama dukani tunazibandika utepe mwekundu. Matone ni kila jioni, wifi akimeza kidonge chake na yeye akiwekewa tone lake, na nyumbani neno presha haliruhusiwi kutembea peke yake. Ni ya mkono au ni ya jicho. Jumamosi saluni ilifunguliwa na kioo kikiwa ukutani. Kaka hakwenda kukiona. Alisema anakijua.

Tulipomrudisha kliniki kupimwa tena, mlangoni kulikuwa na nesi na meza ndogo.

"Karibu, mzee. Leta mkono tupime presha."

"Presha ipi?" aliuliza kaka, amesimama wima na kofia yake.

Nesi alishangaa. "Presha, mzee. Presha ya kawaida."

"Mimi nina ya jicho. Ya mkono ni ya huyu mama hapa. Unataka kupima ipi?"

"Ya... ya mkono wako, mzee."

"Basi hiyo pima," alisema, akampa mkono. "Lakini isinidanganye."

Ya jicho ilikuwa imeshuka. Daktari alisema imeshuka vizuri, na kwamba tusishangae tukitoka nje kila kitu kikiwa kibaya vilevile, kwa sababu kushuka hakurudishi kilichokwenda. Tulishangaa hata hivyo. Tulitoka, jua limesimama usoni kwetu, sakafu ya baraza imepakwa rangi nyeupe na mtu asiyetufikiria. Kaka alisimama mlangoni akasubiri. Akashusha kofia. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, kisha akaelekeza kidole chini mbele yetu.

"Ile pale ni ngazi au ni kivuli?"

Nilitazama, nimekunja macho.

"Kivuli," nilisema. "Twende."

Nikatangulia, mguu ukakosa chini, nikajikuta nimekaa kwenye saruji na mkoba wangu umefunguka. Ilikuwa ngazi.

Kaka alikuwa bado amesimama juu, hajasogea hata kidogo.

"Mdogo wangu," aliuliza, "upo wapi?"